Mjane wa Mtu Aliye Hai

Sehemu ya tisa

Tulimwacha Kudra, msomaji wangu, dole gumba lake limeshachovywa kwenye wino wa muhuri, limebakiza upana wa punje ya mchele kugusa karatasi. Karatasi yenyewe bila shaka unaikumbuka. Shamba la mikorosho themanini na tatu kule Miteja ligawanywe katikati: nusu abaki nayo yeye Kudra, mjane, na nusu ichukuliwe na shemeji yake Yassini, kaka wa marehemu. Baraza la kata lilikuwa limekaa vikao vinne kuwapatanisha, na Kudra alikuwa amechoka kama mtu aliyebebeshwa gunia akaambiwa asilitue.

Ndipo sauti ikasikika mlangoni.

"Assalamu alaikum."

Ilikuwa sauti ya marehemu.

Hakuna aliyeitika. Sipriani, katibu wa baraza, alibaki na kalamu hewani.

Kudra hakugeuka. Miaka sita alikuwa akiisikia sauti ile kisimani, jikoni, shambani wakati wa kuokota korosho, na kila alipogeuka hakukuta mtu. Safari hii aliogopa kugeuka. Akatazama dole lake lenye wino na kusubiri sauti ipite zake kama kawaida.

"Assalamu alaikum," salamu ikarudiwa.

"Waalaikum salaam," akaitika mwenyekiti wa baraza, Mama Benadetha, mama wa Kimakonde mzaliwa wa Newala, Mkristo aliyeishi pwani muda wa kutosha kujua salamu haiachwi ikaning'inia. "Karibu ndani. Wewe ni nani, bwana?"

"Mimi ni Hussen Mbonde. Ndiye mwenye hilo shamba."

Kiti cha plastiki kilianguka. Kudra hakujua ameinuka saa ngapi. Alijikuta amesimama mbele ya mwanamume aliyekonda, ndevu zimeingia mvi, meno mawili ya mbele hayapo, na kovu refu limeukata unyusi. Lakini namna ya kusimama, bega moja limeshuka kuliko jingine, hiyo ilikuwa ya mtu mmoja tu duniani.

Akamkamata shati kwa mikono miwili. Wino wa dole ukabaki kifuani pake.

"Baba Somoe. Ni wewe?"

"Ni mimi, mama Somoe."

Kudra alicheka. Alilia na kucheka kwa pamoja, na maneno yakamtoka bila mpangilio. "Tumekusomea khitma. Tumekuswalia hakuna jeneza. Nimekaa eda, baba Somoe, miezi minne na siku kumi, nimekaa ndani nimevaa nyeupe, na wewe uko hai!"

"Nilisikia," akajibu Hussen, macho yake yakiwa sakafuni.

Nilisikia.

Kicheko cha Kudra kikakatika. "Ulisikia kwa nani?"

Hussen aliitoa mikono ya mkewe kifuani pake taratibu, kama mtu anayetoa mwiba, akampita, akaenda kuketi karibu na Yassini.

Hapo ndipo Kudra alipomtazama shemeji yake kwa mara ya kwanza tangu mlango ufunguliwe. Yassini hakuwa ameshtuka. Hakuwa na jasho wala mshangao. Na kile kiti kilichokuwa kitupu ubavuni pake, ambacho tangu asubuhi alikiwekea kofia yake ili mtu mwingine asikikalie, sasa kilikuwa na mtu.

Mama Benadetha naye aliona.

"Bwana Yassini, ulijua mdogo wako yu hai?"

"Nilijua, mama mwenyekiti."

"Tangu lini?"

"Matanga yalipoisha haikupita hata nusu mwaka, akanipigia simu."

"Na ukatuacha tukae vikao vinne tukigawa mirathi ya mtu mzima?"

Yassini alitabasamu kwa adabu. "Mama, mimi sikuleta kesi hapa. Kesi kaileta shemeji. Mimi niliitwa, nikaitikia wito. Hakuna aliyeniuliza kama Hussen yu hai."

Na kweli, msomaji, hakuna aliyemuuliza. Nani angeuliza? Hussen alivuka Ruvuma miaka minane iliyopita kwenda Msumbiji kuchimba mawe ya thamani. Vita vikaingia kule, simu zikanyamaza. Miaka miwili baadaye mtu wa Kikole, kijiji alichozaliwa Kudra, akarudi peke yake na kusema kambi yao imechomwa moto, waliolala ndani hawakutoka. Yassini mwenyewe ndiye aliyeita watu wa matanga, akachinja mbuzi, na akaongoza dua huku machozi yakimchuruzika.

"Kwa nini hukunipigia mimi?" Kudra aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua tu.

"Simu yangu iliungua pamoja na namba zote," Hussen alisema. "Kichwani nilibaki na namba ya kaka tu. Nikampigia nikiwa Nampula. Nikamwambia, mpe simu mama Somoe. Akaniambia umeshaolewa Somanga."

"Niolewe na nani?"

"Sikuuliza na nani."

"Walikuja watatu kuniposa, baba Somoe, nikawarudisha wote watatu. Waulize Miteja nzima. Mimi niolewe na nani?"

Hussen alimgeukia kaka yake. "Kaka?"

"Nilisema nilivyosikia," Yassini akajibu. "Maneno ya watu."

"Na juzi uliponiambia ameachika huko Somanga, karudi kudai shamba langu?"

"Hayo nayo niliyasikia."

Nje gari la mkaa lilipita barabara kuu likielekea Nangurukuru, likatikisa madirisha, likaenda zake.

Mama Benadetha aliivuta ile karatasi iliyokuwa ikisubiri dole la Kudra. Akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya daftari.

"Hii haina kazi tena," alisema. "Mirathi haigawanywi na mwenyewe amekaa hapa anatutazama."

Kudra alipata pumzi. Mwili uliokuwa umelegea ukakaza. Kumbe! Kama mirathi haipo, basi na shemeji hana lake. Shamba ni la Hussen, na Hussen ni mumewe. Vikao vinne, matusi ya shambani, ugomvi wa kila msimu wa korosho, vyote vimekwisha kwa salamu moja ya mlangoni.

"Basi mwambie kaka yako aondoke shambani kwetu," alimwambia mumewe. "Twende nyumbani. Mwanao Somoe hajui lolote, yupo jikoni anabangua korosho. Ataanguka akikuona."

Hussen alijikuna kovu la unyusi.

"Mwambie, Hussen," Yassini alisema kwa upole.

"Mama Somoe," Hussen alianza. "Nusu ya shamba nimeshamwahidi kaka."

"Umemwahidi? Kwa lipi?"

"Kwa kazi aliyoifanya. Mimi niliacha mikorosho kumi na moja tu. Leo iko themanini na tatu. Mtu aliyepanda, akapalilia, akapuliza dawa ya salfa kwenye shamba la mwenzake miaka yote hiyo, nitamwambia ahsante tupu?"

Hata Sipriani, ambaye kazi yake ni kuandika tu, aliinua kichwa.

Kudra hakupiga kelele. Alivuta kiti kilichoanguka, akakisimamisha, akakaa mbele ya mumewe, magoti yao yakikaribiana.

"Mwaka ule ulioondoka nilipanda mitano," alisema. "Mitatu ikaliwa na mchwa. Mwaka uliofuata nikaenda kuomba miche kwenye kitalu, nikaibeba kichwani kwenye beseni, mara sita, Somoe nyuma yangu na kopo la maji. Ile ya upande wa bondeni niliipanda nikiwa na homa. Ile ya njiani niliipanda wiki niliyotoka eda, kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya kwa mikono hii. Salfa imenikausha kifua, nakohoa mpaka leo. Kaka yako huja tukiwa tumeshaokota. Huja na magunia."

"Maneno," alisema Yassini.

"Si maneno," akasema Mama Benadetha. "Sipriani, msomee kikao cha pili."

Sipriani alifunua daftari, akalamba kidole, akapekua. Alisoma kwa sauti ya kanisani, bila kupanda wala kushuka. "Shahidi, mzee Jafari, jirani wa shamba kwa upande wa mashariki. Anasema: Miche yote mipya imepandwa na Kudra na binti yake, nimewaona kwa macho yangu. Yassini nimemwona shambani wakati wa mavuno peke yake. Akaulizwa na baraza, je, una ugomvi na Yassini? Akajibu, sina, ni rafiki yangu, lakini nimeapa."

Hussen alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliangalia mikono ya mkewe iliyokuwa magotini. Aliitazama kwa muda mrefu, kucha zilizoliwa na mafuta ya maganda ya korosho, na mabaka meusi ambayo sabuni haiwezi kuyatoa. Mabega yakaanza kumtikisika.

Mwanamume yule alilia mbele ya watu.

"Nimedanganywa," alisema. "Kaka, umenidanganya."

Mama Benadetha alikuwa amekaa kwenye baraza lile miaka kumi na miwili. Alijua dakika kama ile haikai. Mtu akishalia, unampa kalamu kabla hajafuta machozi.

"Baba, sisi hapa hatuhukumu mtu," alisema haraka. "Kazi yetu ni kupatanisha. Kama wewe na mkeo mkikubaliana leo, hakuna wa kuwarudisha nyuma. Tuandike hivi: mikorosho sabini na miwili aliyoipanda mama Somoe ni yake na binti yake. Kumi na moja uliyoiacha wewe ni yako, mgawie kaka yako ukitaka. Sipriani, karatasi mpya."

Sipriani aliandika mbio. Wajumbe walisogea. Kudra alishika ukingo wa meza.

Karatasi ikasogezwa. Hussen akapokea kalamu. Akasoma mstari wa kwanza midomo ikimcheza, akafika wa pili, akainamisha kalamu mahali pa sahihi.

"Na wale walioko nje," Yassini alisema, "watakula nini?"

Kalamu ikasimama.

"Wepi walioko nje?" aliuliza Kudra.

Yassini alikuwa akimtazama mdogo wake kwa huruma, au kwa kitu kilichovaa sura ya huruma. "Umewatoa Nampula, umewasafirisha siku nne. Uliwaambia wanakuja kwenye shamba lao. Mikorosho kumi na moja mizee, Hussen. Nusu yake imekauka matawi. Watakula nini?"

Hussen aliiweka kalamu chini. Aliiweka kwa uangalifu, sambamba na karatasi.

"Nina mke mwingine, mama Somoe," alisema. "Na watoto watatu."

Kudra hakusikia uchungu mara moja. Kichwa chake kilifanya hesabu kwanza, chenyewe, bila kuombwa.

"Mkubwa ana umri gani?"

"Minne. Anaingia wa tano."

Alihesabu tena. Matanga miaka sita iliyopita. Simu kutoka Nampula, nusu mwaka baadaye. Mtoto wa kwanza, miaka minne. Alihesabu akitafuta kosa la mumewe ili amchukie, na hakulipata. Mtu aliambiwa mkewe kaolewa, akaoa. Ungemlaumu vipi? Laiti angempata na hatia! Mtu mwenye hatia unaweza kumpigia kelele.

"Mama Somoe, njoo hapa kidogo," Mama Benadetha alimwita.

Walisimama dirishani, wamewapa mgongo wengine. Mwenyekiti alizungumza chini chini, mkono wake begani kwa Kudra.

"Nisikilize, mdogo wangu. Hatoandika tena, nimeshamwona. Sasa nikwambie ninavyoijua sheria. Sheria inamjua mjane. Asubuhi ulikuwa mjane, nikakupigania upate nusu. Sheria inamjua mtalaka pia. Mke akiachwa, kilichochumwa katika ndoa kinatazamwa, jasho lake linatazamwa, anapewa sehemu yake. Lakini wewe sasa hivi si mjane, wala hujaachwa. Wewe ni mke tu. Na mke wa mtu, mumewe akisema shamba nampa kaka nusu, nusu nakaa na wanangu, wewe utabaki kukaa kwenye nyumba kama ulivyokuwa. Basi."

"Nifanye nini, dada?"

"Mwombe talaka."

Kudra alimtazama kana kwamba amezungumza Kireno.

"Akikuacha leo kwa hiari yake, na akaandika, njia ya mahakamani inafupika. Akikataa, itabidi uende kwa baraza la usuluhishi la ndoa kwanza. Watawaita, watawapatanisha. Wakishindwa watakupa barua. Ndipo uende mahakamani, na huko nako kuna tarehe na tarehe."

"Nikapatanishwe tena?"

"Tena."

"Miezi mingapi?"

"Sitaki kukudanganya. Na muda wote huo Yassini yumo shambani."

Kudra alitazama nje ya dirisha. Palikuwa na kuku na kivuli cha ukuta. Miaka sita kila baada ya swala alikuwa akiomba kitu kimoja ambacho hakuthubutu kumwambia hata Somoe, kwa sababu kuombea uhai wa mtu aliyeshaswaliwa ni aibu. Aliomba kuwa watu wamekosea, kuwa Hussen yupo mahali. Mungu alikuwa amempa. Na sasa aende akamwambie yule aliyemwombea uhai kwamba hamtaki.

Alirudi, akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Somoe. Niache."

Mjumbe mmoja alisema "Astaghfirullah" kwa sauti.

"Unasemaje?" Hussen aliinua uso wenye machozi.

"Niandikie talaka. Hapa hapa, mbele ya hawa. Karatasi ipo."

"Mimi nikuache? Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Niache tu."

"Kudra." Alimwita jina lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu. "Miaka yote hii nilikuwa nikikuona ndotoni. Nikiamka nalaani Somanga nzima. Leo nimejua hukwenda popote, hukuniacha hata siku moja, ndiyo nikuache mimi? Dini yetu inaruhusu wawili. Kaeni wote. Nyumba ni yako, wewe ndiye mkubwa, yeye atakuheshimu."

"Na shamba?"

"Tutakula sote humo humo."

"Nusu itaondoka na kaka yako. Nusu itakayobaki tule watu saba. Na ukifa kesho, kweli kweli, nitakaa tena kwenye kiti hiki kugombania robo ya miti niliyoipanda." Sauti ilianza kumvunjika. "Kama unanipenda, niache. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu. Niache ili nipate pa kusimama."

"Hao wamekutia maneno pale dirishani."

"Niache, baba Somoe."

Alipiga magoti. Mama Benadetha alifumba macho.

Hussen naye alishuka kwenye kiti, akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono ile ile ya mabaka. Alikuwa akilia kwa kwikwi kama mtoto. "Sikuachi," alisema. "Wallahi, sikuachi. Vita vimeninyang'anya kila kitu. Sikuachi mpaka nife."

Hakuna mwanamke aliyepata kuambiwa maneno matamu zaidi ya hayo mbele ya mashahidi, na hakuna aliyefungiwa mlango kwa maneno makali zaidi.

Yassini alisimama, akaipangusa kofia yake, akaivaa. "Mama mwenyekiti, mume amekataa kumwacha mkewe. Nani hapa ana kosa? Kama ni suluhu, si hii imepatikana?"

Wajumbe walitazamana. Mmoja aliitikia kwa kichwa, na wala hakuwa mtu mbaya. Kwa macho yake aliona ndoa imepona.

Kudra alijinasua, akainuka kwa kushika meza. "Mama mwenyekiti, basi niandikie kuwa tumeshindwa. Nipe barua ya kushindwa kupatana, niende wilayani. Hiyo tu."

"Mama Somoe..."

"Ulituambia kikao cha kwanza. Ulisema tusipoelewana utatuandikia, na mwenye barua hiyo anaruhusiwa kwenda mbele. Hatujaelewana. Niandikie."

Mama Benadetha alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee. "Dai lililosajiliwa hapa ni la mjane dhidi ya shemeji yake. Huyo mjane hayupo. Nikiandika kuwa ameshindwa kupatana na shemeji, nitakuwa nimeandika uongo, na wilayani watakurudisha siku hiyo hiyo. Nitakwenda mwenyewe kuuliza. Nakuahidi nitauliza. Lakini leo kalamu yangu haina cha kuandika."

"Niandike nini sasa?" Sipriani aliuliza, mnyonge.

"Andika limeondolewa."

Sipriani aliandika. Akachukua muhuri, akaupulizia, akaugonga. Ukalia ko! juu ya meza, na daftari likafungwa.

Kudra alitoka. Hakuaga. Nyuma yake alimsikia Yassini akiwauliza wajumbe habari za nyumbani kwao, kama mtu aliyetoka msikitini.

Kwenye kibaraza cha ofisi, chini ya matangazo ya chanjo yaliyopauka kwa jua, alikaa mwanamke wa miaka ishirini na kitu juu ya furushi kubwa. Pembeni yake watoto wawili walikuwa wamelala wakiegemeana. Wa tatu, wa kike, alikuwa amesimama kwa kujishikilia bega la mama yake, akijifunza kukaza miguu.

Kudra alikusudia kupita bila kutazama.

"Shikamoo, dada," mwanamke yule alisema, akijaribu kuinuka, mtoto akamzuia. Kiswahili chake kilikuwa na uzito wa Kimakonde cha ng'ambo ya mto.

Adabu ina nguvu kuliko chuki, angalau kwa sekunde moja. "Marahaba."

"Samahani, dada. Hapa maji yanapatikana wapi? Mtoto ana kiu, na mume wangu yuko humo ndani tangu saa tatu."

Kudra alikuwa na chupa ya maji ndani ya mkoba. Alisimama akiwa ameishika. Alitaka kwenda. Mtoto aliitazama chupa, akatoa ulimi. Kudra akaifungua, akainama, akamnywesha mwenyewe, maji yakimmwagikia mtoto kidevuni.

"Mungu akubariki. Mimi naitwa Valeria," mwanamke alisema. "Watu wa huku mna huruma. Mume wangu alinieleza."

"Mnakwenda wapi?" Kudra alijisikia akiuliza, ingawa alijua.

"Miteja. Kuna shamba lake, lina nyumba. Tutakaa hapo. Nyumba haina mtu tangu mkewe wa kwanza alipofariki."

Chupa ikasimama hewani.

"Alifariki?"

"Alifariki, masikini, wakati mume wangu yuko kwetu. Hakuwahi hata kumzika." Valeria alimpangusa mtoto kidevu kwa ncha ya kanga. "Mimi sikumwona, lakini namjua kuliko ninavyowajua dada zangu. Namna alivyokuwa akipika mtama, namna alivyokuwa akimjibu mumewe. Hata usingizini anamtaja. Angekuwa hai, dada, ningemwonea wivu. Lakini maiti unamwonea wivu wa nini?"

Kudra alifunga kizibo cha chupa.

"Huyu wa mwisho alipozaliwa, mume wangu aliniomba kitu kimoja tu, tumpe jina la marehemu. Nikaona haya kukataa." Akamgeuza mtoto, akamwelekeza uso kwa mgeni. "Msalimie mama aliyekupa maji. Sema shikamoo. Anaitwa Kudra."

Mtoto, aliposikia jina lake, alicheka. Meno mawili tu. Aliachia bega la mama yake, akapiga hatua moja, ya pili, akadondokea kwenye magoti ya Kudra na kuyakumbatia.

"Ona!" Valeria alipiga kofi kwa furaha. "Hajawahi kutembea! Leo ndiyo mara ya kwanza! Dada, una mkono wa heri. Nikifika Miteja nitawaambia watu nani alinipokea. Wewe jina lako nani?"

Mlango wa ofisi ulilia nyuma yao. Hussen alikuwa amesimama kizingitini, alama ya wino kifuani, amesikia swali. Alimtazama Kudra, akatikisa kichwa polepole, mara moja, midomo yake ikisema neno bila sauti: tafadhali.

Kudra alimwinua yule mtoto, akambeba kiunoni, akamgeukia mama yake, akafungua kinywa.